Eti babu alipanda jahazi akapotea

Wiki iliyopita kaja kijana mmoja na mamake, wametoka Dar na boti ya asubuhi, hajakaa hata kiti kashaanza: "Maalim, babu yetu mkubwa alitoka Omani miaka ya 1870, alivyopanda jahazi ndio basi, hakuandika wala hakuandikiwa mpaka kafa, kwa hiyo tunajua kazi yako itakuwa ngumu." Nikamwambia kaa kwanza mwanangu unywe maji. Huyo alikuwa wa tatu ndani ya mwezi mmoja, na wote watatu wanaongea kama wamesoma darasa moja. Mimi kazi yangu ni kusoma makaratasi ya zamani ya herufi za Kiarabu na kuwatafutia watu jamaa zao wa Omani, Hadhramaut, Ngazija na kwengineko, nimechoka kurudia maneno yaleyale barazani kila siku, sasa nayaandika mara moja. Atakayekuja tena na hadithi ya babu kupotelea baharini nitamwambia kasome kwanza halafu urudi.

"Wakati ule ukihama, umekatika"

Hii ndio inayonipandisha presha kuliko zote, maana mtu akishaiamini hatafuti tena, na asiyetafuta anatupa makaratasi.

Watu wanafikiri bahari ilikuwa ukuta. Bahari ilikuwa barabara jamani, tena barabara yenye ratiba! Kaskazi inaanza kuvuma Disemba mpaka Machi hivi, inashusha vyombo kutoka Maskati, Sur, Mukalla, mpaka Mandvi kule Kachi, India. Upepo ukigeuka kusi, Aprili, vyombo vinaanza kurudi, na aliyechelewa anangoja ule ukali wa Juni na Julai upite, anaondoka na demani mwezi wa Agosti au Septemba. Yule nahodha anayeleta tende na papa na samli, akarudi na boriti za mikoko na karafuu, ndiye huyohuyo posta. Ndiye anayebeba barua, riale zilizofungwa kwenye kitambaa, kopo la halua, na habari za mdomo ambazo hakuna aliyethubutu kuziandika. Bahasha hakuna. Karatasi inakunjwa na kukunjwa mpaka inakuwa ndogo kama kiberiti, juu yake pameandikwa apewe fulani bin fulani, kwa mkono wa nahodha fulani. Ukiifungua leo ile mikunjo bado unaiona, na ukiihesabu unajua ilikaa mfukoni mwa mtu, haikukaa kabatini.

Sasa piga hesabu na mimi. Barua inaondoka Unguja mwezi wa tano, inafika Maskati baada ya wiki tatu, nne, tano, inategemea upepo na bandari walizopitia. Kutoka Maskati inapanda ngamia na msafiri mpaka Ibra au Mudhairib, miji ya bara ya Omani. Mwenye barua anaisomewa, anafikiri, anatafuta mtu wa kumwandikia jibu, halafu jibu linakaa linangoja kaskazi, wewe wa Unguja unalipata Januari au Februari. Barua moja na jibu lake ni karibu mwaka mzima. Halafu mtu ananiletea barua nne za miaka sita ananambia kwa uso wa huzuni, "unaona Maalim, walikuwa wanaachana taratibu." Nne kwa sita! Wewe na binamu yako wa Toronto mna WhatsApp mkononi na mara ya mwisho mmeongea Idi ya mwaka juzi, tena ni stika tu ulimtumia.

Na si barua peke yake zilizokuwa zinasafiri, hata watu walikuwa wanakwenda na kurudi. Seyyid Said bin Sultan mwenyewe, aliyehamishia makao yake Unguja, alikuwa anakwenda Maskati na kurudi mpaka mauti yalimkuta hukohuko baharini mwaka 1856 akiwa njiani kuja Unguja. Masharifu wa Kihadhrami walikuwa wanaoa Ngazija au Lamu, wakipata watoto wa kiume wanawarudisha Hadhramaut wakasome na wakajuane na baba wakubwa na baba wadogo. Sheikh Ahmad bin Sumayt, aliyekuja kuwa kadhi mkubwa Unguja, kazaliwa Ngazija 1861, babake mtu wa Hadhramaut, na yeye akiwa kijana kapelekwa kule kwao kusoma. Huyo utamwita mtu wa familia iliyokatika? Si mwaka mmoja, si miwili, familia kama hizo ziliendelea hivyo kizazi baada ya kizazi.

Alafu tukifika huko 1870 wanakokusema wao ndio kabisa, mambo yanakuwa mepesi. Maskati ilikuwa na posta ya Wahindi tangu 1864. Mfereji wa Suez ukafunguliwa 1869. Mwisho wa 1872 meli ya moshi ya kampuni ya British India ikaanza kuleta barua Unguja kutoka Aden kila mwezi, haingoji kusi wala kaskazi. Posta ya Unguja ikafunguliwa 1875, na 1879 waya wa telegrafu, ile simu ya maandishi, ukalazwa chini ya bahari kutoka Aden mpaka Unguja ukaendelea kusini mpaka Durban, ingawa huo wa simu ulikuwa wa matajiri na serikali, mtu wa kawaida hakutuma simu kuuliza hali ya shangazi. Kwa hiyo babu aliyehama miaka hiyo, kama alinyamaza, alinyamaza kwa sababu zake, si kwa kukosa njia.

Na sababu za kunyamaza zilikuwepo, sikatai. Seyyida Salme, bintiye huyo Seyyid Said, aliondoka Unguja 1866 akaenda kuolewa na Mjerumani akakaa Hamburg, na aliporudi 1885 na meli za kivita za Kijerumani nduguye Seyyid Barghash alikataa kuonana naye. Hapo njia ilikuwepo, meli ilikuwepo, mlango ndio uliofungwa. Kwa hiyo ukikuta kimya kwenye makaratasi ya kwenu uliza waligombania nini, nani aliolewa na nani, nani alikula shamba la nani. Kuna watu hawapendi kuulizwa hivyo, wanaona bora babu awe amepotea kuliko awe aligombana.

Sasa uzi ulikatika lini hasa? Ndio swali ambalo hakuna anayenifikia nalo. Familia nyingi ninazozishughulikia uzi wao ulikuwa mzima mpaka miaka ya 1950 na ushee, mabibi wenye umri wa kuyakumbuka wanakwambia kabisa jina la jahazi na jina la nahodha aliyekuwa akishuka kwao. Kisha Januari 1964 mapinduzi Unguja, watu wakakimbia na nguo za mwilini, masanduku yakabaki, mengine yakachomwa na wenyewe kwa hofu. Mwaka 1967 Hadhramaut nayo ikaingia kwenye serikali mpya ya Yemen ya Kusini na mambo yake. Na Omani yenyewe ilikuwa imefungwa kwa komeo mpaka 1970 alipoingia Sultan Qaboos. Yaani milango mitatu ilibanwa karibu wakati mmoja. Aliyepoteza mawasiliano si babu wa jahazi, ni babako na shangazi zako, na hawakupenda kulisema, wakamsukumia marehemu wa mbali asiyeweza kujitetea. Hii nikiisema barazani watu wanaangalia chini. Lakini ndivyo.

"Kwetu hamna barua, kwa hiyo hamna kitu"

Hii ni mdogo wake na ile. Mtu anatafuta barua kama za kwenye filamu, mpenzi mama yangu nimekukumbuka sana, machozi yamedondokea karatasi. Asipoiona anasema hamna kitu, na huku pembeni pana bahasha ya kaki imejaa anaita "risiti za zamani tu Maalim hizo, za madeni."

Hizo za madeni ndizo!

Watu wale walikuwa wanaandikiana pale penye jambo, na jambo kubwa lilikuwa mirathi. Mtu kafa Unguja, kaacha shamba la karafuu, sheria ya dini inataka kila mrithi apate fungu lake hata awe yuko mlimani Omani na hajawahi kuiona bahari. Kwa hiyo inabidi aandikiwe, athibitishwe ni nani, aandike wakala, yaani amteue mtu aliyeko Unguja amuuzie au ampokelee fungu lake. Na hati ya wakala haina mchezo, haisemi "Ali wa kule", inasema fulani bin fulani bin fulani bin fulani, wa kabila fulani, mkaazi wa mji fulani, na mashahidi wawili watatu chini nao kwa majina ya baba na babu zao, na tarehe. Barua ya mapenzi itakupa "mwanangu kipenzi". Hati ya deni itakupa vizazi vinne na jina la kijiji. Sasa wewe unayetafuta jamaa unataka ipi?

Na madeni yalikuwepo tele kwa sababu. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikang'oa mikarafuu karibu yote, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Mtu mwenye shamba la Unguja akawa ghafla hana kitu ila ardhi na visiki, na mkarafuu unakuchukua miaka mpaka uzae. Akakopa, akaweka rehani. Ukisoma makaratasi ya baada ya hapo utaona rehani juu ya rehani, na ndugu wa Omani wanauliza kila msimu, fungu letu liko wapi. Ninyi mnaita ugomvi, mimi naita mawasiliano. Hata wafalme ilikuwa hivyohivyo, Seyyid Said alipokufa wanawe waligawana, Majid Unguja na Thuwaini Maskati, na mwaka 1861 ikaamuliwa Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka, ikawa ndio mzozo wa ndugu wale miaka na miaka. Kama wana wa mfalme waliandikiana kuhusu pesa, babu yako alikuwa nani asifanye hivyo?

Na ukibahatika kuwa na barua yenyewe, usiruke salamu. Hii ni nasaha yangu kubwa na nitaisema mpaka nife. Barua ya zamani kichwa chake ni kirefu, "ila jenabi", yaani kwa jenabi, mheshimiwa, mpenzi, nduguye nafsi yangu, mistari saba nane mpaka unafika "wa baada", halafu habari yenyewe mstari mmoja na nusu, halafu mkiani salamu tena: nisalimie fulani na wanawe, nisalimie mama yake fulani, anakusalimu fulani na aliyezaliwa juzi. Wateja wananambia Maalim tusomee habari tu, hizo salamu ziache. Hizo salamu ndio daftari la familia! Mwaka huu bibi anasalimiwa, msimu ujao hasalimiwi tena, basi ushajua kafariki kati ya kaskazi mbili, hakuna cheti cha kifo kitakachokuambia kwa usahihi zaidi ya hapo. Nina mteja alipata majina ya shangazi watano wa babake kwenye mkia wa barua ya mtu aliyekuwa anadai pesa ya ng'ombe.

Sasa haya mengine nayapitia haraka kwa sababu hayana haja ya kuzunguka.

Stempu ya India. Mtu kaona stempu yenye sura ya Malkia Viktoria na neno India, keshajenga historia nzima ya babu kwenda Bombay. Posta ya Unguja ilikuwa chini ya posta ya India mpaka 1895, stempu zilizouzwa dirishani pale zilikuwa za India. Angalia muhuri uliogongwa juu ya stempu, si stempu. Na kwa ajili ya Mungu msibandue stempu mkauza.

Riale ya 1780. Familia moja walishikilia kwa kiapo kwamba wamefika pwani 1780 kwa sababu wana sarafu ya fedha imeandikwa mwaka huo. Riale ya Maria Theresa iliyozagaa pwani karibu yote imeandikwa 1780, ndio mwaka aliokufa yule malkia, na wameendelea kuipiga kwa tarehe hiyohiyo karne ya kumi na tisa nzima na baada yake. Ni kama kusema gari lako la mwaka gani kwa kuangalia nembo.

Tarehe. Ukiona 1300 kwenye hati si mwaka wa Vasco da Gama wala kabla yake, ni Hijria, na 1300 ilianza Novemba 1882. Mwaka wa Hijria ni mfupi, kwa hiyo usiongeze tu 580 kichwani ukaridhika, mwaka mmoja unaangukia ndani ya miaka miwili ya Kizungu.

"Ni Kiarabu, hatuwezi kuelewa." Mara ngapi nimefungua karatasi ya "Kiarabu" nikakuta Kiswahili kitupu! Wazee wetu walikuwa wanaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na aliyesoma chuo cha Kurani vizuri anaweza kukusomea ukaelewa kila neno. Kichwa cha barua ndio Kiarabu, kikishapita "wa baada" mara nyingi ni lugha ya nyumbani kwenu. Makaratasi ya Wahindi hayo ni mengine, Kigujarati na mwandiko wa wafanyabiashara, mimi siyawezi na anayewaambia anayaweza yote mumkimbie.

Jina moja, damu moja. Hapana. Kabila kubwa lina watu waliotoka miji tofauti hawajuani, na watumwa walioachwa huru wengi waliitwa kwa kabila la waliowaacha huru, na wajukuu wao leo wanalibeba jina hilo kwa haki kabisa. Watu wanakasirika nikilisema. Wakasirike, lakini wasinipe kazi ya kutafuta shina Omani halafu wanune jibu likiwa Nyasa.

Wanawake hawamo kwenye makaratasi. Nani kawaambia? Wamo wenye mashamba, wamo waliokopesha, wamo walioweka wakfu nyumba na visima, na kwa vile wengi hawakwenda wenyewe mbele ya kadhi waliandika mawakala, kwa hiyo wameacha karatasi pengine kuliko waume zao. Ukimtafuta babu ukamkosa, mtafute dadake.

DNA. Kila mtu saa hizi anakuja na kipimo cha mate. Kitakwambia Uarabuni asilimia kadhaa, Afrika Mashariki asilimia kadhaa, ambayo ungejua kwa kujiangalia kiooni. Hakikupi kijiji, na binamu humpati kama yeye naye hajapima. Ile pesa ungepandia daladala mpaka Nyaraka za Taifa pale Kilimani ukauliza daftari za hati, au kama kwenu ni Mombasa, Malindi au Lamu, uanze na madai ya ardhi yaliyopelekwa serikalini baada ya sheria ya ardhi ya 1908, maana watu walilazimika kuleta hati na mashahidi kuonyesha shamba limetoka kwa nani.

Na la mwisho linaloniuma, laminesheni. Mtu kwa mapenzi yake yote kaipeleka karatasi ya babu duka la steshenari, wameipitisha kwenye moto na plastiki eti isiharibike. Imeharibika hapohapo. Kuna moja nililetewa wameibandika kwanza kwenye kadibodi kwa gundi ili ikae vizuri, halafu ndio plastiki, na nyuma ya karatasi hiyo, pale penye gundi, kwa ukingo uliobaki naona mwanzo wa mistari ya malipo, imelipwa, imelipwa, na majina ya waliopokea siyaoni tena. Karatasi ya deni nyuma ndiko yaliko maisha yake. Weka kwenye folda ya karatasi, usitie maji wala mate, wino wa masizi ukiloa unaondoka, usinyooshe mikunjo kwa pasi (yupo aliyefanya!), piga picha pande zote mbili karibu na dirisha bila flashi. Pande zote mbili. Watu wananitumia picha arubaini za mbele na si moja ya nyuma.

Yule kijana wa boti sasa. Baada ya kunywa maji mamake ndio kafungua mkoba, kimyakimya, katoa kitu kimefungwa kwenye kanga ya zamani, anasema hiki kilikuwa kwa mamangu, hatukujua kama ni kitu, tulidhani ni dua. Nikaifungua. Wakala, 1301, yaani kati ya Novemba 1883 na Oktoba 1884, dada mtu wa Mudhairib anamteua mtu wa Unguja ampokelee fungu lake kwa nduguye, na huyo nduguye ndiye babu aliyepanda jahazi akapotea. Nikaigeuza. Nyuma imelipwa mara tatu, misimu mitatu mfululizo, mkono uleule. Kijana kanyamaza. Mamake ndio kauliza, "Huyo dada naye alikuwa na watoto?" Nikamwambia chini hapa kuna shahidi kaandikwa mwana wa dada. Tukaanzia hapo.